Warsha za Walimu na Kinachobaki Ukirudi Darasani

Warsha nyingi za ualimu nilizohudhuria zilikuwa na mambo mazuri, na mengi katika hayo yalikufa njiani kati ya ukumbi na darasa. Hilo limenigharimu pesa, likizo, na wakati mwingine moyo wa kazi. Naandika ili mwalimu anayeanza sasa, hasa wa Kiswahili hapa Uganda, ajue mapema atafute nini katika warsha, aulize nini kabla ya kulipa, na afanye nini wiki ile anaporudi shuleni. Wiki hiyo ina uzito kuliko warsha yenyewe.

Nafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari wilayani Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Darasa langu la kidato cha kwanza huwa na wanafunzi zaidi ya tisini. Nyumbani wanazungumza Kisamia, Kiteso, Kisoga, Kiganda. Mpakani wanasikia Kiswahili kila siku, lakini ni cha kuuliza bei na kupakia mizigo. Kiswahili cha kusoma na kuandika wengi wanakutana nacho mara ya kwanza mikononi mwangu.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioandaliwa na Kituo cha Kitaifa cha Kukuza Mitaala (NCDC), ulianza Februari 2020, na ukakifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Nilifurahi mno. Ni mtaala wa umilisi: mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kufanya na maarifa yake, wala asipimwe kwa alichokariri tu. Shule yetu ilipeleka walimu wachache kwenye mafunzo ya siku chache, kwa mpango kwamba wakirudi watatufundisha sisi tuliobaki. Naamini hapo ndipo tulipoanza kupotea. Mtu aliyesikia jambo mara moja hawezi kumfundisha mwenzake kulitenda ilhali yeye mwenyewe hajalijaribu. Wenzetu walirudi, wakatusomea walichoandika, alasiri moja tu, tukagawiwa nakala. Hata tungetaka kujaribu, muda haukuwapo: mwezi Machi korona ikafunga shule, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022.

Waliorudi darasani Januari ile hawakuwa watoto niliowaacha. Wengine walikuwa wameendesha bodaboda, wengine wameuza samaki, na wasichana kadhaa niliowafundisha salamu na ngeli ya A-WA nilikutana nao sokoni wakiwa na watoto mgongoni. Waliobahatika kurudi walikuwa na haraka na hawakuwa na subira ya kunakili ubao. Nilitaka kujifunza namna ya kuwafundisha, tena upesi. Kwa hiyo nilipoona tangazo la warsha ya mbinu bora za ufundishaji mjini Jinja, nililipa.

Mwandaaji simtaji. Ada ilikuwa shilingi elfu sitini. Ukijumlisha taksi kutoka Busia kupitia Bugiri na Iganga, kulala na kula, nilitumia zaidi ya laki mbili za mfukoni mwangu, katika mwezi ambao karo ya mwanangu ilikuwa bado haijakamilika. Mwezeshaji alisoma kutoka kwenye projekta tangu asubuhi hadi jioni. Siku nzima tuliambiwa mwanafunzi ashirikishwe, nasi hatukuulizwa swali hata moja. Niliponyosha mkono nikauliza nitafanyaje na wanafunzi tisini kwenye madawati yaliyobanana ukutani, nilijibiwa nitumie ubunifu. Tulipewa cheti na faili lenye kurasa nyingi. Nikiwa kwenye taksi ya kurudi nililia, na sioni aibu kulisema. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeamini kwamba kuna mtu atanionyesha njia.

Halafu ikaja Julai. Walimu wa sayansi wenye shahada serikalini walipandishiwa mshahara hadi milioni nne kwa mwezi. Sisi wa lugha na sanaa tulikuwa tumetoka kwenye mgomo uliotangazwa na chama cha walimu, UNATU, tukarudi darasani na mshahara ule ule. Wangu ulibaki milioni moja na kidogo. Mwezi huo huo Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kazi yangu ilipewa heshima na mimi nikaachwa nilivyo. Nataja jambo hili kwa sababu uchungu wa aina hii unaingia nawe kwenye kila warsha. Mwezeshaji asiyeujua atashangaa kwa nini walimu wamekunja mikono.

Aliyeninyanyua ni mwalimu wa biolojia, mzee anayekaribia kustaafu. Yeye alipitia SESEMAT, mpango wa walimu wa sayansi na hisabati ulioanza Uganda mwaka 2005 kwa msaada wa Japani kupitia shirika lake la misaada, JICA. Kule, alinieleza, walizoezwa kupanga somo pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanatazama, kisha wanakaa na kulirekebisha. Siku moja aliniona na faili la Jinja mezani.

“Madamu, humo ndani kuna kipi utakachofanya Jumatatu?”

Nikaanza kumtajia: kazi za vikundi, maswali ya kufikirisha, michezo ya kuigiza...

“Hapana, mwanangu. Kimoja.”

Nikachagua kungoja. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu akishauliza swali kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu, kulirudia au kulijibu mwenyewe. Akingoja sekunde tatu au zaidi, majibu yanarefuka, na wanafunzi waliokuwa kimya wanaanza kuzungumza. Rowe alifanya utafiti huo katika masomo ya sayansi. Mimi naona kungoja kunahitajika zaidi katika somo la lugha, maana mtoto wangu wa Kiteso ana kazi mbili ndani ya zile sekunde: kulitafuta jibu, kisha kuyatafuta maneno ya kulivisha.

Swali la Jumatatu lilikuwa hili: kwa nini tunasema kitabu kimepotea lakini kijana amepotea, ilhali yote mawili yanaanza na ki? Niliuliza, nikafunga mdomo, nikahesabu kimyakimya hadi tano. Hesabu hizo ni ndefu sana ukiwa umesimama mbele ya watoto tisini wanaokutazama. Wa kwanza kunyosha mikono ni wale wa siku zote, nikawaashiria wasubiri. Kisha msichana wa dawati la nyuma, ambaye sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake kwa Kiswahili, akasema, “Kijana anapumua.” Darasa zima likageuka kumtazama. Sikuwa na haja ya kuongeza kitu. Kanuni ya viumbe vyenye uhai kuingia A-WA, ambayo kwa kawaida naiandika ubaoni ikanakiliwa na kusahaulika, ilikaa vichwani mwao siku ile.

Mwalimu wa biolojia alikuwa ameketi nyuma. Haikuwa rahisi kumkaribisha, nakiri, wakati mshahara wake ulikuwa umepanda hivyo na wangu haukusogea. Tulikubaliana masharti mapema, na masharti hayo ndiyo yaliyookoa jambo zima: hataandika ripoti, hatamwambia mwalimu mkuu, na atatazama kitu kimoja tu nilichomwomba. Kwetu mtu akiketi nyuma ya darasa na kalamu, mwalimu anadhani ni mkaguzi, na akidhani hivyo anafundisha kwa ajili ya mkaguzi. Kama mnataka kuanza hili shuleni kwenu, anzeni wawili mnaoaminiana. Msianze kwa agizo la ofisi.

Kitu tulichokitazama wiki zilizofuata ni nani anaulizwa. Mtazamaji anachora ramani ya madawati kwenye karatasi, na kila mwanafunzi akijibu anatia nukta mahali alipoketi. Nami nilimfanyia yeye, na baadaye walimu wengine wawili waliomba wafanyiwe. Ramani zote zilifanana: nukta zimerundikana safu mbili za mbele na katikati, kando na nyuma peupe. Hakuna aliyelaumiwa. Karatasi inasema yenyewe, na mwalimu mzima akiiona hahitaji mahubiri. Dawa tuliyoitumia ni ya bei ndogo: majina yote kwenye vipande vya manila ndani ya kopo, unachomoa jina baada ya kuuliza na kungoja. Ukilitaja jina kwanza halafu ndipo uulize, wengine wote wanapumzika.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hili tulilolifanya lina watafiti wake. Bruce Joyce na Beverly Showers waliandika tangu miaka ya 1980 kwamba mwalimu anaweza kuelezwa mbinu, akaonyeshwa, hata akaifanyia mazoezi warshani, na bado isionekane darasani mwake mpaka apate mwenzake wa kumsindikiza akiitumia kwenye kazi yake ya kila siku. Nilipolisoma hilo nilipata nafuu. Faili la Jinja halikuwa limeshindwa kwa sababu ya uvivu wa walimu.

Mbinu ya pili niliyoongeza, muhula uliofuata, ni mazungumzo ya wawili wawili. Unatoa swali, kila mtu analifikiria peke yake kidogo, anamgeukia jirani, kisha wachache wanalieleza darasa. Haihitaji kusogeza dawati hata moja, na hapo nikapata jibu la swali nililoulizia Jinja. Nilitumia kazi hii: mgeni kutoka Kisumu amefika stendi ya Busia, hajui Kisamia wala Kiganda, ana shilingi za Kenya mfukoni, anataka chakula na taksi ya Jinja. Msaidie kwa Kiswahili. Watoto wa mpakani wanayajua hayo kuliko mimi. Kelele zilikuwa kubwa. Mkuu wa masomo alifungua mlango kwa hasira, akidhani darasa halina mwalimu, akasimama pale mpaka alipowasikia wanachosema. Hakuondoka haraka. Hata hivyo nawashauri mwambieni mkuu wa masomo na walimu wa madarasa jirani kabla, maana wapo watakaoondoka na hasira yao wakaipeleka ofisini. Na wekeni ishara ya kunyamaza. Yangu ni mkono juu. Anayeuona anainua wake na kufunga mdomo.

Kuna vitu vilivyonishinda kwa sababu ya idadi, hasa ile ya kila mwanafunzi kuandika sentensi moja mwisho wa kipindi kuhusu alichoelewa. Karatasi tisini kila kipindi hakuna anayezisoma. Tukapunguza: safu moja tu ya madawati kila siku, kwa zamu. Naisoma usiku, na kesho yake naanza somo kwa kosa lililojirudia bila kumtaja mtu. Vilevile seremala alitukatia vipande vya plaiwudi, tukavipaka rangi ya ubao, kimoja kwa kila dawati. Watatu wanaokaa pamoja wanakubaliana jibu, wanaliandika kwa chaki, wanainua juu kwa pamoja. Kwa mtupo mmoja wa macho najua nani ameelewa. Vilinigharimu karibu laki moja, na chama cha wazazi kikanirudishia nusu baada ya kuviona vikitumika. Ombeni pesa baada ya kuwaonyesha wazazi, wanatoa kwa moyo.

Warsha ya kwanza iliyonifaa kweli ilifanyika kwenye shule ya jirani wakati wa likizo, na gharama yake ilikuwa nauli ya bodaboda na mchango wa chakula cha mchana. Walimu wa Kiswahili wa shule chache tulikusanyika. Mwezeshaji alikuwa mwalimu anayefundisha bado. Alileta wanafunzi wa kidato cha pili waliokuwa wakiishi karibu, akawafundisha mbele yetu somo la insha ya barua, na katikati somo likamkwamia. Alisimama, akatueleza anachofikiri, akabadilisha maelekezo, akaendelea. Dakika zile zilinifundisha kuliko kurasa zote za Jinja, kwa sababu niliona mwalimu mzoefu akifanya uamuzi darasa likiwa hai. Mchana tulifundishana sisi kwa sisi, dakika kumi kila mmoja, na wenzetu wakitutazama kwa jambo moja.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutuma ada napiga simu na kuuliza. Je, ni ya somo langu, au ni ya walimu wote kwa jumla? Za jumla zina faida yake, lakini mwalimu wa Kiswahili anahitaji kuona ngeli, ufahamu na insha vikifundishwa kwa darasa kubwa la watoto ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani. Je, kutakuwa na wanafunzi? Je, mwezeshaji anafundisha darasani siku hizi? Je, kuna mtu atakayetufuata baada ya miezi michache kuona tumefika wapi, au yote yanaishia kwenye kugawa vyeti? Mratibu anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kujibu.

Kuhusu pesa, semeni wazi mapema. Kama barua inasema nauli itarudishwa, ulizeni ni kwa risiti au kwa kiwango maalumu. Taksi zetu hazitoi risiti, kwa hiyo nunua kijitabu cha risiti dukani umwombe kondakta aandike na kutia sahihi. Kama inatumwa kwa simu, namba iwe imesajiliwa kwa jina lako lile lile uliloandika kwenye orodha ya mahudhurio. Nimewaona wenzangu wakihangaika miezi kwa sababu laini ni ya mume au ya ndugu. Na msiende kwa ajili ya posho peke yake. Najua hali zetu, najua posho ile inanunua sabuni na daftari za watoto, na simlaumu mtu. Ila likizo ni chache, na mwalimu aliyechoka anahitaji kupumzika vilevile.

Kundi la kwanza la mtaala huu lilifanya UCE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha nne, mwaka 2024. Sasa asilimia 20 ya alama inatokana na tathmini endelevu inayofanyika shuleni, na 80 inatokana na mtihani wa mwisho wa baraza la mitihani la taifa, UNEB. Hiyo asilimia 20 ndiyo inayoninyima usingizi siku hizi. Mimi nikiikadiria kazi ya mwanafunzi kwa ukali na jirani yangu akaikadiria kwa huruma, watoto wetu hawapimwi kwa mizani moja. Hili mwalimu hawezi kulimaliza peke yake, hata kama ana kipaji. Lazima tukae tukiwa na kazi halisi za wanafunzi mezani, kila mmoja asahihishe, kisha tuulizane kwa nini wewe umetoa hivi na mimi vile.

Likizo ya Agosti kuna warsha mjini Tororo. Nimempigia mratibu. Amesema siku ya pili wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule mwenyeji watakuja na kazi zao za mradi, tuzisahihishe kisha tulinganishe alama. Nimeomba nafasi mbili, yangu na ya mwalimu mpya wa Kiswahili aliyeletwa kwetu muhula huu, kwa sababu mzee wa biolojia anastaafu karibuni na nitahitaji mtu wa kuketi nyuma ya darasa. Mwalimu mkuu amekubali kutoa nauli ya mtu mmoja. Ya pili tutagawana.